Wakubwa kwa Wadogo Tunapindua

Perez Ogola alikuwa mama fundi wa nguo pale Mamboleo, na kazi iliyomlisha ilikuwa kola. Kola ya shati ikichakaa, aliifumua, akaweka juu ule upande ambao haujaona jasho, akaishona tena, na mwenye shati akaenda kanisani akijidai. Mkono wake haukuwa na kasoro. Kiswahili chake ndicho kilikuwa balaa.

Kwa Dholuo, lugha ya kwao, neno ni moja tu, loko. Kugeuza shati ni loko, kugeuza gari ni loko, hata kutafsiri mahubiri ni loko. Perez alipoingia kwenye Kiswahili alitafuta neno moja la kazi zote, akaokota pindua, na akalitumikisha bila huruma. Chapati alipindua, godoro alipindua, na Jumapili alimwomba Mungu apindue mioyo yetu, nasi tukaitikia amina. Juu ya kibanda chake akatundika kibao: WAKUBWA KWA WADOGO TUNAPINDUA.

Kibao kilikaa miaka bila kumuudhi mtu. Halafu ikaja Agosti ya 1982, wanajeshi wakajaribu kuipindua serikali wakashindwa, na ghafla kila askari akajua kusoma. Makonstebo wawili walikuja wakang'oa kibao, wakabeba na cherehani, eti ushahidi. Hasira ile ninayo mpaka leo. Perez alikuwa mjane mwenye nyumba iliyojaa watoto, na bila mashine ile wangekula hewa.

Akawafuata kwa miguu hadi kituoni. Mkuu wa kituo, Inspekta Irungu, mtu wa kujivunia Kiswahili chake, alimsomesha kwa kirefu: nguo hugeuzwa, serikali hupinduliwa, na yeye atashtakiwa kwa uchochezi. Perez akaketi sakafuni kando ya cherehani yake, akagoma kutoka. Seli zilikuwa zimejaa, kwa hiyo walimwacha hapo hapo.

Asubuhi ikaja habari kwamba mkubwa fulani yuko njiani kuja kukagua gwaride. Irungu alijitazama kwenye kioo, akaona kola ya sare yake imeota nyuzi shingo nzima. Akatoka ofisini na fulana, shati mkononi.

"Mama, nigeuzie hii kola."

"Kugeuza mimi sijui, Bwana Inspekta. Mimi najua pindua tu."

Mlango wa kituo ulikuwa wazi, na gwaride lilikuwa linajipanga nje. Inspekta akainama, akanong'ona kwamba basi, apindue.

Perez akamwambia aseme na nguvu kidogo, masikio yake si mazuri. Makonstebo waliacha kuandika.

"Pindua, mama," Inspekta akasema, kituo kizima kikasikia.

Perez akaivuta mashine, akaanza kufumua. "Sawa. Sasa hii cherehani naenda na yeye nyumbani, ama tunashtakiwa wawili?"

Ilirudi Mamboleo siku hiyo hiyo, kwa Land Rover ya polisi.