Nili Dirishani

Insaf wa mtaa wa Arbaini, mjini Suez, alikuwa mwoga na hakuona haya kulisema. Aliogopa mtungi wa gesi, aliogopa mbwa hata akiwa kafungwa, na simu ikilia wakati asioutarajia alianza kuwaombea maiti kabla hajaipokea. Vijana wa mkahawani wakimtania aliwajibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Haya chekeni, ndiyo fungu langu." Kisha alipita zake kwenda kwa muuza mkate, akiambaa ukutani.

Ila hofu zote hizo zilikuwa vijitoto mbele ya hofu moja kubwa, nayo ilikuwa Hajja Dawlat, mwenye nyumba, aliyekaa ghorofa ya chini na kusikia kila kiatu kilichopita ngazini. Insaf alikaa ghorofa ya tatu kwa pango la zamani, tangu yeye na marehemu mumewe waliporudi mjini baada ya vita. Kodi yenyewe ilikuwa ndogo hata Hajja Dawlat alikuwa akiipokea kwa kugeuza uso. Kwa sheria, mpangaji wa namna hiyo hatolewi ovyo. Hutolewa kwa kosa, na kuharibu nyumba ni kosa. Hajja Dawlat alikuwa na mtoto wa kiume anayetaka kuoa na asiye na pa kumweka mke, kwa hiyo alikuwa akilingoja kosa hilo kama watu wanavyongoja adhana ya magharibi mwezi wa Ramadhani.

"Kuta zangu, mbao zangu, vioo vyangu," alikuwa akisema kila wakikutana mlangoni. "Mama Hanadi, umri umekwenda. Mikono isije ikateleza ukavunja kitu."

"Inshallah haitateleza, Hajja."

"Mimi nakukumbusha tu."

Insaf akishapanda na kufunga mlango, ilimbidi akae kitako kwanza ndipo aweze kuvua viatu.

Basi katika nyumba hiyo ya kuogopwa ndimo binti yake, Hanadi, alimorudi na sanduku moja baada ya talaka, akasema hatakaa kula mkate wa mamake bure. Angeotesha uyoga. Wanawake wengi walikuwa wakifanya hivyo majumbani mwao: unachemsha majani makavu ya mpunga, unayashindilia kwenye mifuko pamoja na mbegu, unaitundika chumbani, unangoja. Hanadi aliitundika mifuko yake katika chumba cha mbele. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana chumba hicho kilikuwa na dirisha pana linalotazama mashariki, lenye vioo vya zamani vya maua ambavyo siku hizi havipatikani kwa dawa.

"Lazima tulizibe, mama. Uyoga mchanga unataka giza. Ukipigwa na mwanga mapema unadumaa."

"Liache hivyo hivyo. Pazia lipo."

"Pazia linavuja mwanga pande zote. Nimejaribu."

"Hanadi, mimi katika chumba kilichozibwa dirisha siwezi kupumua."

"Mama, ni uyoga, si mochwari! Wewe lala chumba cha nyuma, funga mlango, usitazame."

Hakujua anachokisema, maskini, na Insaf hakuwahi kumweleza vizuri. Alipokuwa msichana, adui akiwa ng'ambo ya mfereji tu, baba yake alichukua nili ya kufulia nguo nyeupe, akaikoroga na uji wa wanga, akavipaka vioo vyote vya nyumba ili mwanga wa taa usionekane angani. Kila nyumba ya Suez ilifanya hivyo. Insaf alikaa ndani ya ubuluu ule miezi na miezi akisikiliza ndege za adui, mpaka mji ulipohamishwa na wao wakapakiwa kwenye lori kwenda kijijini kwa watu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo hakuwahi kufunga pazia mchana, hata jua likiunguza zulia.

Hanadi hakuzuilika. Alinunua nailoni nyeusi na utepe mpana wa gundi, akaibandika nailoni juu ya vioo kwa ndani, akaibana na utepe kwenye mbao pande zote. Chumba kikawa giza totoro. Insaf akakaa chumba cha nyuma na tasbihi yake, akijiambia ni uyoga, ni uyoga, ni uyoga tu.

Asubuhi ya siku ya pili jua lilipanda, likaipiga ile nailoni nyeusi iliyogandamana na kioo. Insaf alikuwa jikoni anaponda maharage. Akasikia mlio mmoja mkali kutoka chumba cha mbele. Mwiko ukamtoka.

Walipobandua nailoni walikuta kioo cha chini, upande wa kushoto, kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Joto lilikuwa limekipata katikati na halikupata pa kutokea. Na kila walipovuta utepe, ulitoka na rangi ya mbao ngozi kwa ngozi.

"Umeniua, mwanangu," alisema Insaf kwa sauti ndogo. "Umeniua na bado napumua."

"Rangi nitapaka, mama. Kikopo kimoja tu."

"Na kioo? Kioo cha maua utakitoa wapi? Akiona kipya kisicho na maua atajua, akiona hiki atajua."

Kabla hawajamaliza kubishana, sauti ilipanda kutoka barabarani. Hajja Dawlat alikuwa amesimama chini, mkono juu ya macho, akitazama juu.

"Mama Hanadi! Jana dirisha langu lilikuwa jeusi, leo si jeusi! Mnapika nini humo?"

Insaf alichutama chini ya dirisha asionekane. Hanadi ndiye aliyetoa kichwa. "Jua tu, Hajja! Tulikuwa tunazuia jua!"

"Jua la Mungu mnalizuia kwa gundi kwenye mbao zangu? Alhamisi nakwenda kwa daktari wa macho. Nikirudi napanda kuona, na mwanangu atakuja na kamera yake. Wallahi nikikuta mkwaruzo mmoja, tutasalimiana mahakamani!"

Insaf hakula siku hiyo. Alizunguka nyumba akigusa vitu: kitanda alichofia mumewe, kabati, ndoana ya mlangoni. Umri wake wote alikuwa amefukuzwa mara moja tu, kwa lori, na alijua kufukuzwa kukoje. Unachukua godoro unasahau sufuria, na miaka yote unayokaa kwa watu unaiwaza ile sufuria. Hakuwa na nguvu za kuondoka mara ya pili.

Hanadi alipaka rangi kwenye mbao, ikakaa vizuri. Kikabaki kioo, na kikabaki kile chumba kilichojaa mifuko inayodai giza. Ndipo Insaf alipokumbuka kitu ambacho alikuwa amejitahidi sana kutokikumbuka. Waliporudi baada ya vita, mamake alichukua kitambaa na ndoo ya maji, akaifuta nili ya baba yote kwa asubuhi moja. Haikuacha hata doa, wala haikugusa mbao. Na ikiwa juu ya kioo, ufa hauonekani.

"Niletee nili," alimwambia Hanadi.

"Nili ya nini?"

"Ya kufulia. Na wanga. Usiniulize, nitaghairi."

Aliikoroga mwenyewe. Aliipaka kwa brashi pana, akaacha ikauke, akarudia mpaka mkono ukiwekwa nje ya kioo hauonekani kivuli chake. Hanadi alitaka kumpokea brashi, lakini hakuitoa. Alipomaliza, chumba kilikuwa kimezama katika ubuluu ule ule. Akatazama dari, akajikuta anasikiliza. Kisha akatoka mbio, mama mzima mwenye wajukuu wa kaka zake, akajifungia chooni.

Uyoga uliupenda ubuluu huo. Utando mweupe ulianza kutembea ndani ya mifuko, na Hanadi alikuwa akiingia kwa vidole vya miguu kuutazama, akitoka anacheka. Magoti mabovu yalimweka Hajja Dawlat ndani siku zote hizo, hakutoka barabarani. Insaf hakuingia tena. Alingoja Alhamisi.

Alhamisi ilikuja. Adhuhuri haijaadhiniwa walisikia teksi, halafu kimya, halafu miguu ngazini. Miguu hiyo haikuwa ya mtu wa magoti mabovu anayepumzika kila kituo. Ilikuwa inakimbia. Mlango ukapigwa kwa viganja viwili.

"Fungua! Mama Hanadi, fungua!"

"Kaja," alisema Insaf. "Hanadi, kaja."

Alifungua kwa sababu kutofungua kulimtisha zaidi. Hajja Dawlat aliingia bila salamu mpaka chumba cha mbele. Ushungi ulikuwa umemwangukia mabegani, mguu mmoja hauna kiatu, na uso wake, uso ule uliokuwa ukimpotezea Insaf usingizi, ulikuwa mweupe kama unga.

"Wamesema nini?" aliuliza. "Redio yangu imekufa. Wamevuka?"

"Nani kavuka, Hajja?"

"Mbona mmepaka nili? Nimeiona kutoka barabarani. Nani kawaambia mpake nili?"

Insaf alimtazama, akaelewa. Alielewa haraka kuliko alivyowahi kuelewa kitu chochote.

"Hakuna vita, Hajja. Ni uyoga."

"Uyoga gani?"

"Wa kula. Unataka giza. Hakuna kitu, wallahi, hakuna kitu."

Hajja Dawlat alicheka mara moja, kicheko kibovu, kisha akashika ukuta na kuteremka mpaka chini. "Futa," alisema. "Nakubusu mikono, Mama Hanadi, futa kitu hicho. Kaeni humu mpaka mfe, mimi sina neno, lakini kifute sasa hivi."

Hanadi alimvuta mamake pembeni, akamnong'oneza sikioni. "Usifute! Ukifuta ataona ufa. Maneno ya hofu haya, mama. Hofu ikimtoka atayakana."

Alikuwa amesema kweli, na Insaf alijua ni kweli. Kama angeacha nili mahali pake, nyumba ingekuwa yake walau kwa leo. Lakini pale chini alikuwapo mtu anayesikiliza dari. Insaf alikijua kile kichwa kilivyoinamishwa, na macho yale yanayotafuta sauti. Alipokuwa yeye akisikiliza hivyo, hakuna aliyemfutia. Akaenda kuchukua ndoo.

Alianza juu. Nili ilishuka kwa michirizi, na kioo baada ya kioo mchana ukarudi chumbani, ukaangukia mifuko ya Hanadi na uso wa Hanadi uliokunjamana. Alifuta vyote ila kile cha chini, kushoto. Akasimama mbele yake akikikinga na gauni.

"Na hicho," alisema Hajja Dawlat.

"Kimoja tu, Hajja, hakina neno."

"Na hicho, dada. Tafadhali."

Insaf akafuta. Ufa ukatokea wote, kutoka pembe hadi pembe, jua likiupitia. Hajja Dawlat alijiinua, akafunga ushungi wake vizuri, na alipozungumza ilikuwa sauti yake ya siku zote.

"Kimepasuka."

"Ndiyo. Ni sisi tuliokipasua."

"Nilijua. Nilijua mnanificha kitu."

Insaf alikikumbuka kitanda cha chumba cha nyuma, akalikumbuka kabati. Akawaza kipi kitapita mlangoni kwanza. Lakini Hajja Dawlat hakulisogelea dirisha kuukagua ule ufa. Alikuwa anarudi nyuma, kisigino kwa kisigino, mpaka akaugusa ukuta wa pili.

"Toka hapo," alisema. "Na wewe binti, toka. Kioo kilichopasuka hakikai dirishani. Kishindo kimoja tu kinamwagika. Mdogo wangu Nagat alilala chini ya dirisha kwa ajili ya upepo. Bomu liliangukia mtaa wa pili. Kwetu halikugusa hata tofali. Ilikuwa kioo tu. Kitoeni leo, mnanisikia? Kitoeni sasa, mbele yangu."

Walikitoa wao wenyewe, wamezungushia mikono matambara, Insaf akishika na Hanadi akichokonoa ule udongo mkavu wa kingoni. Walikizungushia blanketi, wakakilaza chini. Upepo wa mferejini ukaingia kwenye tundu. Hapo tu ndipo Hajja Dawlat alipoketi kwenye kiti. Hanadi alikuwa akiikokota mifuko yake kwenda chooni na chini ya vitanda, akilalamika kwa sauti ya kusikika.

Insaf alimpelekea chai. Hakuweza kungoja. Watu waoga hawajui kungoja, afadhali kisu kuliko kusubiri kisu.

"Hajja, sema tu. Utatutoa?"

Hajja Dawlat alikizungusha kile kibilauri cha chai mikononi bila kunywa.

"Mwanangu amekuwa akinisumbua mwaka mzima," alisema. "Leo atakuja na kamera, nitamwambia kioo nilikivunja mimi." Akautazama mguu wake usio na kiatu. "Watu walikuwa tele barabarani, wanakula, wanaongea na simu zao. Nimeona ile rangi na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Nikawapita wote, nikapanda kwako. Nikikutoa, nimwekee mwanangu bibi harusi asiyejua ile nili ilikuwa ya nini, siku nikiogopa tena nitagonga mlango wa nani?"

Insaf aliinama, akaufuta mguu ule vumbi. Alimpa kandambili zake, akamshika mkono, wakashuka ngazi pamoja taratibu, na hadi ghorofa ya chini hakuna kati yao aliyekuwa ameacha kutetemeka.