Mkwe Haitwi Jina

Sabiri wa Chumbageni anaongoza wageni kwenye msitu wa hifadhi nje kidogo ya mji wa Tanga, na kwa maneno hana mpinzani. Mpe Wazungu, mpe mwalimu na wanafunzi wake, atawachekesha kuanzia getini mpaka mtoni. Mletee mkwewe, ulimi unaganda. Haya za ukwe zimemkaa vibaya huyu bwana. Tangu amuoe Hasina, hata shikamoo ya mama mkwe huipitishia kwa mkewe: "Nisalimie mama."

Sasa Bi Mwatum kavuka kutoka Pemba kuja kumwona mjukuu, akataka pia aone mkwewe anafanyia kazi wapi. Hasina ndiye angefuatana nao, ila asubuhi mtoto aliamka na homa. Wakaenda wawili, Sabiri mbele, mama nyuma, kimya kama wanatoka mazikoni.

Katikati ya njia Bi Mwatum alikohoa, akachepuka vichakani. Sabiri akaelewa. Angekuwa mgeni mwingine, angemwonya asiende mbali, kwa kuwa upande ule mawe yana mashimo yaliyofunikwa na majani. Kwa mkwewe akaona aibu. Akasogea mbele, akageuza uso, akangoja. Adabu gani hiyo, jamani!

Alingoja mpaka jasho likamtoka. Akakohoa. Kimya. Akarudi, akakuta majani yaliyokanyagwa tu, yakielekea kwenye mashimo.

"Mama! Mama ee!"

Hakuna jibu. Akaita huku na huko, akipapasa ardhi kwa fimbo kabla ya kila hatua. Aliogopa kweli. Mwishowe akampigia mkewe simu.

Hasina alipiga yowe, kisha akauliza, "Unamwitaje?"

"Mama."

"Mama nani? Kwetu sauti ngeni porini haiitikiwi, huenda ni jini, mpaka ikutaje jina, na la baba yako. Muite jina!"

"Nimuite mkwe wangu jina, Hasina?"

"Akifa utamwita nani?"

Sabiri akafumba macho. "Mwatum binti Shaame!"

"Labeka!"

Sauti ilitoka karibu, chini. Bi Mwatum alikuwa ndani ya shimo, ameshikilia mzizi uliokwisha kuanza kung'oka, miguu inaning'inia. Sabiri akalala kifudifudi, akamshika makwapani, yeye asiyewahi kumpa hata mkono, akavuta kwa nguvu zake zote mpaka wakaangukia majani wote wawili. Hapo akalia waziwazi.

"Nisamehe, mama. Nimekuita jina."

Bi Mwatum alikuwa bado anahema. Akajifunika kanga kichwani kwanza, ndipo akasema.

"Nlikusikia tangu mwanzo. Ukipita hapa juu, ukirudi, nami nimejibana hata kupumua sipumui, naogopa. Ningejuaje kuwa ni weye? Miaka yote hii hujasema nami hata neno, mwanangu."