Kukonda Bila Ruhusa

Mume wangu, askari, alipopelekwa Mogadishu kulinda amani, hakukuwa na suruali niliyouza ambayo sikuweza kuivaa. Nauza mivumba, nguo kuukuu za wanawake, katika soko la Nakawa, Kampala, na kwa miaka mingi mwili wangu ndio uliokuwa tangazo la kibanda changu. Mteja akisitasita, navaa ile suruali palepale ndani ya leso, nateremsha leso, nazunguka mara moja, naye anafungua mkoba. Mwaka niliotimiza miaka arobaini na saba, mume akiwa bado huko, nilipandisha suruali ya kijivu ambayo zamani ningeicheka kwa upana wake, ikakwama mapajani. Nikaivuta kwa hasira. Zipu iling'oka mbele ya mteja. Wenzangu wa vibanda vya jirani walicheka hadi wakashika mbavu, nami nikacheka nao, na tangu siku hiyo sikumvalia mteja nguo tena.

Sikuwa nimebadilisha chakula. Nilikula nilichokula siku zote, posho, yaani ugali, na maharage, samaki siku za Jumapili, chai ya maziwa asubuhi kwa sababu bila chai mimi si mtu wa kusemeshwa. Lakini tumbo lilikuja. Lilikuja polepole, kisha likaacha aibu, likawa linatangulia mlangoni. Matiti yakashuka juu yake. Mikono ikajaza mikono ya blauzi. Hedhi nayo ilikuwa inakuja inavyotaka yenyewe, mara mbili katika mwezi mmoja, kisha kimya, kisha damu nyingi ya kunitia hofu. Joto lilinipanda kutoka kifuani hadi masikioni nikiwa nakunja nguo tu, watu wengine wamevaa sweta. Usingizi ulinikimbia. Na hasira! Nilimfokea mwanamke mjamzito aliyeniomba nipunguze bei, akaondoka akitazama nyuma kana kwamba ningemfuata na mkasi.

Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Mama yangu hakufika umri huu. Alikufa nikiwa msichana, huko Arua, katika miaka ile ambayo UKIMWI uliitwa kwa jina la kukonda kwenyewe, silimu, kutoka 'slim' ya Kiingereza. Nilimbeba mama yangu mgongoni kumpeleka kuoga, na alikuwa mwepesi kuliko mtungi. Shangazi zangu wawili walikwenda njia hiyohiyo. Kwa hiyo katika kizazi chetu mtu hakusifiwa kwa wembamba. Mtu mnene alikuwa mtu mzima wa afya, mtu ambaye hamtamzika mwaka huu.

Nayajua hayo yote, na bado nilijichukia. Nasema waziwazi kwa sababu watu hudhani wanawake wa kambi za jeshi hatuna muda wa mambo ya kioo. Nilikuwa nao. Nilikigeuza kioo cha chumbani kikatazama ukuta, halafu asubuhi nakigeuza tena nijitazame, nione kama tumbo limepungua, natukana, nakigeuza. Nilioga nikiwa nimefumba macho.

Na kambi nzima ilinipongeza. Tunakaa katika nyumba za askari, ukuta mmoja watu wawili, na jirani yangu, mke wa koplo aliyekuwa misheni moja na mume wangu, alinipokea kila jioni kwa wimbo uleule.

"Mama, umenona! Hii pesa ya misheni inafanya kazi mzuri!"

"Ni mwili tu, dada."

"Mwili gani! Wewe iko napendwa."

Mume wangu ndiye aliyepewa sifa. Akinipigia simu ya picha, alikuwa akiigeuza simu kwa wenzake, askari wenye kofia waliokaa kwenye magunia ya mchanga, nao wanapiga mluzi na kusema afande analisha nyumba. Yeye anacheka, meno yote nje. "Muone! Hii ni kazi yangu," anawaambia. Mimi napunga mkono. Nilikuwa cheti chake cha tabia njema. Nilitamani simu izimike.

Maana nilimjua. Mbele ya watu alikuwa anasifu, lakini mimi ndiye niliyelala naye miaka ishirini na kitu. Yeye ni mtu wa Kitgum, mimi wa Arua, lugha zetu hazisikilizani, Kiswahili cha kambi ndicho kilichotuoza, na kitu alichokipenda kwangu alikisema tangu mwanzo kwa Kiswahili hicho hicho kibovu: kiuno. Alikuwa akipita nyuma yangu jikoni lazima akishike. Sasa kiuno hakikuwepo, na hata kingekuwepo, mimi mwenyewe nilikuwa nimekauka ndani, sina hamu ya kuguswa na mtu. Nilitaka kitu kimoja tu, na sitakipamba: nilitaka mume wangu akirudi anitake. Nilihisi mlango wa upande huo wa maisha yangu unafungwa na mtu ambaye hakuniuliza, nami nilitaka kuweka mguu usifungwe.

Ndipo nikaanza. Posho niliacha, maharage nikapima kwa kijiko. Nilikula kabichi ya kuchemsha hadi harufu yake ikaniingia kwenye nguo za biashara. Nilipanda hadi soko la Kalerwe kununua mizizi kwa mama mmoja aliyeapa kwamba tumbo litayeyuka lenyewe, nikainywa, ikanikimbiza chooni wiki nzima. Jumapili asubuhi niliungana na vijana wa klabu ya kukimbia, wale wanaoziba barabara na kuimba huku magari yakipiga honi, mimi nyuma kabisa na tisheti ya kubana, nimeshika titi moja kwa kila mkono kwa sababu sidiria ilikuwa imeshindwa kazi. Dereva mmoja wa boda alinipungia na kusema, "Jaja, polepole!" Jaja ni bibi. Nilitaka kumrushia kiatu, lakini pumzi ya kuinamia kiatu sikuwa nayo.

Nilikonda. Lakini mwili haukusikiliza nilichouagiza. Tumbo lilibaki palepale, mwenye nyumba ni lenyewe. Kilichokwenda ni uso. Mashavu yaliingia, mifupa ya shingo ikatokeza, makalio yakashuka na kuisha, na macho yakawa makubwa. Nilijitazama nikaona mwanamke mwembamba aliyefunga kitu kiunoni. Nikajiambia nizidishe, labda tumbo linachelewa tu kufuata wenzake. Nikaacha na chai.

Kilichobadilika kwanza ni kelele. Jirani aliacha kuniimbia. Wanawake kwenye bomba la maji walinipisha foleni, jambo ambalo katika kambi yetu hufanyiwa mjamzito au mgonjwa. Nilifurahi kijinga, nikadhani wananiheshimu. Halafu jioni moja jirani akagonga, ameshika sufuria ya uji wa soya na mfuko wa mukene wa kusaga, wale dagaa wa ziwani. Mtu yeyote aliyeishi Kampala anajua sahani hiyo inapelekwa kwa nani. Inapelekwa kwa aliyeanza dawa, zile za kumeza kila siku hadi kufa. Mimi mwenyewe nimewahi kuipeleka kwa watu.

"Dada," aliniambia, amesimama mlangoni, haingii. "Usiogopa kuambia mimi. Siku hizi dawa iko. Mutu inameza, inakaa miaka mingi, hakuna kitu."

"Dawa ya nini?"

Akanisogezea mfuko wa mukene.

"Mimi napunguza mwili," nikasema. "Nakula kabichi. Nakimbia na wale vijana, hujaniona?"

Alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma kubwa, akaniwekea sufuria mikononi. Nilijisikia nikieleza na kueleza, sauti inapanda, na kadiri nilivyoeleza ndivyo macho yake yalivyozidi kunisikitikia. Hakuna aliyewahi kusikia habari ya mke wa askari anayeletewa pesa ya chakula, mume hayupo, akaamua mwenyewe kuukondesha mwili. Kwao ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba nilikuwa na mwanamume sokoni, na mwanamume huyo alikuwa ameniachia zawadi.

Huruma ya jirani ilivuka mpaka wa nchi kwa simu. Alimwambia mume wake, naye mume wake akamwambia wangu. Safari hii hakupiga simu ya picha.

"Watu nasema umekonda."

"Napunguza mwili tu, Baba."

"Kupunguza ya nini? Nani alikuambia upunguze?"

"Hakuna mtu. Ni mimi."

Nilisikia upepo wa huko na mtu akiita jina la mtu mwingine. "Kale," akasema, kama wanavyosema Waganda wanapofunga mazungumzo, akakata.

Alirudi pamoja na wenzake baada ya wiki chache. Nilivaa gauni nililolichagua kwenye robota jipya la mivumba kabla wenzangu hawajaliona, nikapaka mafuta, nikasimama mlangoni. Sijui nilitegemea nini. Alinitazama uso, akaenda kwenye shingo, akarudi usoni. Akanishika bega kwa vidole, kama mtu anayepima kama rangi imekauka. Kisha akasema amechoka. Alilala kwenye kochi, akasema mgongo umezoea kitanda chembamba. Kesho yake pia mgongo. Siku iliyofuata vilevile. Sikuwahi kumwona mwanamume akiuheshimu mgongo wake namna hiyo. Alikula kila nilichompa, alikuwa mpole, hakupandisha sauti, na upole huo ulinimaliza kabisa. Ningependa zaidi anitukane. Nilikaa jikoni nikapasua kitunguu ambacho sikuwa na haja nacho ili niwe na sababu ya kulia.

Mwisho akasema, bila kunitazama, "Twende tupime. Sisi wote."

Nilikwenda. Tulikaa kwenye benchi la kliniki moja ndogo, si mbali na barabara, tukiwa tumeshatolewa damu, tukisubiri. Mimi nilijua majibu yangu. Sikuwa na mwanamume yeyote, wa soko wala wa mbinguni. Lakini nilipomtazama pembeni nikaona mtu huyo aliyerudi kutoka vitani hathubutu kuutazama mlango wa maabara, naye akaunyoosha mkono na kuukamata wangu. Aliushika kwa nguvu, vidole ndani ya vidole. Alikuwa hajanigusa tangu arudi. Akasema kwa sauti ndogo, "Hata kama iko, mimi siendi popote." Maneno hayo ndiyo niliyoyakosea usingizi mwaka mzima, na yalikuwa yameelekezwa kwa mwanamke mwingine, mgonjwa ambaye hakuwepo.

Muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya kuchoka, alituita ndani. "Yote mbili iko safi," akasema. Kisha akanigeukia. "Lakini wewe mama, kukonda hii imetoka wapi? Hedhi iko nakuja?"

Nilisema mbele ya mume wangu mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Kwamba hedhi inarukaruka. Kwamba naungua. Kwamba silali. Kwamba tumbo lilikuja lenyewe, nikajinyima chakula ili liondoke, likakataa. Muuguzi aliitikia kila kitu kwa kichwa, kana kwamba nilikuwa namsomea kitu alichokisikia tangu asubuhi.

"Si ugonjwa, mama. Ni mwili inaanza kufunga hedhi. Wamama wote inawapata. Kula vizuri, tembea, usijinyima hivyo tena."

"Na tumbo?" nikauliza.

"Tumbo hiyo?" Alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Hiyo mtazoeana."

Mume wangu alikuwa tayari amesimama. Uso wake wote ulifunguka, nikamwona kijana niliyeolewa naye. "Kumbe ni uzee tu!" akasema. "Mungu mkubwa! Mimi nafikiri mambo mabaya, kumbe uzee tu!" Akampa muuguzi mkono, akanipigapiga mgongoni kwa kiganja kilichonyooka, namna anavyowapiga wenzake kambini, akatoka nje kumpigia simu koplo. Nilimsikia kupitia dirisha. Alicheka, akasema mke wake ni mzima, hakuna kitu, amekuwa mzee tu, sasa atamlisha mpaka arudi kama zamani.

Tulipofika barabarani aliniagizia nyama choma na ndizi, sahani ya watu wawili, akaisukuma yote upande wangu. "Kula, Mama. Kula sasa." Alinitazama nikitafuna kwa macho mema kabisa, macho ya mtu anayemtazama mama yake mzazi akipona. Hakukuwa na hasira ndani yake, wala wasiwasi, wala kitu kingine chochote. Na mimi, niliyemzika mama yangu kwa ugonjwa ule, nilikaa pale mafuta yakinitiririka mikononi, nikitamani turudi kwenye lile benchi, majibu hayajatoka, na mkono wangu bado umeshikwa.