Kidole Kisicho na Wino

Soko zima la Mwandiga liliujua ulimi wa Eufrasia, mkamuaji wa mawese. Mteja akiuliza kama mafuta yametiwa maji, alijibiwa, "Maji nakunywa, siuzi." Mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipofurika tena, alitokwa na uvimbe kwenye titi. Muuguzi Sia wa zahanati akahofia saratani, akampa rufaa ya hospitali Mwanza, akapasuliwe. Eufrasia, asiyeogopa mtu, akaogopa kisu.

Ndipo akatokea Gervasi. Huyo alikuwa dereva tu wa gari la chanjo kambini kwa wakimbizi; alipofukuzwa aliondoka na koti jeupe. Sasa alisimama sokoni, chupa mkononi.

"Chanjo ya saratani! Inaipiga telomerasi! Hakuna kupasuliwa!"

Neno hilo Eufrasia alikuwa amelisikia kwake tangu juzi, akamuuliza Sia. Seli ya saratani inakataa kuzeeka, Sia alimwambia. Telomerasi, kitu kilicho ndani ya seli hiyo, ndiyo inayoiwezesha igawanyike bila kuchoka. Wataalamu wanajaribu chanjo ya kuufundisha mwili wa mgonjwa uzisake seli hizo, na majaribio mengine yameshindwa. "Sokoni haipo, mama yangu."

Bado miguu ikampeleka kwa Gervasi. Alimdharau kama inzi aliyezama kwenye mawese, lakini asubuhi hiyo alitamani sana awe anasema kweli.

"Shangazi, lete mkono," Gervasi alisema, kalamu ya wino tayari. Kambini kila aliyechanjwa alipakwa wino kidoleni. Eufrasia alikuwa akipeleka mafuta huko, akaona jinsi akina mama walivyokataa kutoa watoto mpaka mchanjaji aonyeshe kwanza kidole chenye wino cha mwanawe mwenyewe.

"Gervasi, mama yako mzazi si anaumwa saratani?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mlete tuone kidole chake."

Gervasi akakohoa. "Mama yuko Mwanza."

"Kafuata nini?"

"Alipasuliwa... wiki iliyopita."

Soko zima likaangua kicheko. Eufrasia akapaza sauti.

"Kumbe mamako umempa madaktari, mama za wenzako maji ya chupa! We mtu mchafu! Hata hilo koti linakuonea haya."

Gervasi akaanza kufungasha. Eufrasia akamsogelea, sauti ikashuka.

"Aliamka salama?"

"Aliamka. Anakunywa uji."

"Basi leo umesema kitu kimoja cha kweli tangu uzaliwe," alisema Eufrasia, akatema mate pembeni, akaelekea zahanati kumwambia Sia yuko tayari kwenda.