Bwawa Linalongoja Theluji

Majuzi, kwenye duka la vifaa mjini Kisii, karani mmoja, jirani yangu, aliyenunua nyumba ya Mzungu aliyerudi kwao aliomba turubai.

"La lori?" mwenye duka akauliza.

"La bwawa la kuogelea. Kitabu alichoniachia Mzungu aliyeniuzia nyumba kinasema majira ya baridi yakikaribia nitoe maji, nifunike, nisifunue mpaka theluji iyeyuke."

"Theluji? Hapa Kisii?"

Karani akainua kidole. "Bwana, mimi nafuata kitabu."

Mkewe, aliyekuwa akipapasa maturubai, akasema, "Mpe lile zito. Maji tumeshatoa, nami nimeshavundika ndizi mle bwawani, na ndizi hazitaki upepo."

Jumapili iliyofuata walinikaribisha. Theluji bado, lakini ndizi zimeiva vizuri, na karani anaapa kwamba yule Mzungu alijua alichoandika.