Oili Majini Karungu

Keti nikueleze kwa nini siipendi harufu ya oili ya injini hadi leo.

Pale Karungu, mama alikuwa akisuuza ziwani omena, dagaa zake za kuuza sokoni, nami, mtoto bado, nimeshika beseni. Jirani mwenye mashua akaanza kumwaga oili chafu majini.

"Wewe! Omena zangu!"

"Ziwa ni kubwa, mama," akacheka. "Litameza tu."

Rangi za kupendeza za ile oili zikatujia juu ya maji. Nikanyoosha mkono nizishike.

"Nyathina, mwanangu, toka!" mama akanifokea.

Tulivuta beseni, lakini oili ilikuwa imeshaingia. Mama akachota omena zenye oili kiganjani, akamsogezea jirani.

"Haya, meza wewe kwanza."

Hakucheka tena. Omena zote tulizifukia.

Ukibadilisha oili, ikinge kwenye dumu, ulifunge, uliweke mbali na maji.