Maji Ambayo Hayajamaliza Kazi

Mama mkwe wangu alikuwa dobi maisha yake yote, na mkono wa dobi haustaafu. Magoti yake yalipozigomea ngazi za nyumba aliyokuwa akipanga, alikuja kukaa kwetu na begi moja la turubai la kijani. Akalisukuma chini ya kitanda. Kila asubuhi alichomoa nguo humo, zikavaliwa, zikafuliwa, zikapigwa pasi, kisha zikarudi humo humo. Kabati nililomsafishia likabaki tupu.

"Mama, mbona hupangi nguo zako?" nilimuuliza.

"Ngoja kwanza tuone kama tutawezana, mwanangu."

Mimi nilitaka akae. Mama yangu mzazi nilimzika mapema, na tangu huyu aingie nilikuwa narudi kutoka kazini kwa haraka, nikijua kuna mtu wa kuniuliza siku yangu ilikwendaje.

Tatizo lilikuwa ndoo. Haukupita muda, bafu na jikoni vikajaa ndoo na mabeseni. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Nyie hamkunipa, nimejichukulia." Kwake maji hayakumwagwa, yalihamishwa kazi. Yaliyosuuza nguo yalipiga deki. Yaliyoosha mboga yalikwenda kwenye vyungu vya maua. Nikiinua beseni tu, nasikia sauti nyuma yangu: "Hayo hayajamaliza kazi." Taa ikiwaka chumba kitupu, aliuliza inamsubiri nani. Sufuria ikichemka wazi, aliifunika huku akiniambia kwamba gesi yetu haiwezi kupasha moto mtaa mzima.

Asubuhi moja mume wangu, kwa haraka zake, alijimwagia kichwani maji meupe yaliyokuwa kwenye beseni dogo bafuni. Nywele zilipokauka zilisimama kama brashi ya viatu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini hakuna aliyeuliza yale yalikuwa maji gani.

Jumapili moja, wenzangu wa duka la dawa walikuwa waje kula kwetu. Mama alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani. Nikaitazama nyumba kwa macho ya wageni, nikaona aibu: ndoo mlangoni, beseni kando ya jiko, lile dogo la maji meupe limefunikwa kwa sahani. Nikamwaga yote, nikazirundika ndoo nyuma ya nyumba.

Mama aliporudi alichungulia bafuni, akachungulia jikoni. "Pamependeza," alisema, akaenda chumbani kwake. Wageni walipoondoka nilipita chumbani kwake. Begi lilikuwa limetoka chini ya kitanda, limesimama karibu na mlango.

Kazini mimi huvaa koti jeupe. Tangu Mama aje na kuanza kunifulia, kola ya koti hilo ilikuwa inasimama vizuri kiasi kwamba wateja walikuwa wananiita daktari, nami nilijisifu kwamba nimepata sabuni nzuri. Jumatatu ile koti lilininyong'onyea mwilini.

"Umelala nalo?" mwenzangu alinitania.

Nikaishika kola. Nikazikumbuka nywele za mume wangu. Siku nzima nilikuwa nahesabu vidonge huku akili yangu iko kwenye beseni.

Nilimkuta Mama ameketi kitandani, mikono mapajani. Nilikuwa nimepanga kuomba radhi, lakini swali lilitangulia.

"Mama, yale maji meupe ulikuwa unayatengenezaje?"

"Ni maji yaliyochujwa kwenye wali. Unayachuja tena kwa kitambaa, unayazimua, unatumbukiza nguo iliyokwisha takata. Pasi unapiga ikiwa bado na unyevu."

"Na yakibaki?"

"Maua hayakatai."

"Na yale ya kusuuzia, utajuaje kwamba sasa yamechoka kabisa?"

Hapo akasogea, akanipa nafasi kitandani. Nikauliza mpaka mume wangu akaja mlangoni kuuliza kama leo tunakula au tunafunga.

"Samahani kwa ile Jumapili, Mama," nilisema mwishowe. "Ndoo nizirudishe?"

"Kwani nani alizifukuza?"

Hakusema atakaa. Nami niliogopa kuuliza.

Kesho yake niliporudi nilikwenda moja kwa moja chumbani kwake. Karibu na mlango hapakuwa na begi. Niliinama nikachungulia chini ya kitanda. Halikuwepo. Nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Alikuwa kwenye kamba, anaanika shuka. Kiunoni alikuwa amefunga mfuko uliojaa vibanio vya nguo. Ulikuwa wa turubai la kijani, na zipu yake niliijua.

"Mama, umelikata begi?"

"Lilikuwa linakaa bure," alisema. "Kipande kilichobaki kitatosha aproni yako. Hebu shika upande huo wa shuka."